Geuza Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua, Kufua na Kutia Viraka Vitambaa vya Zamani vya Japani

Muuzaji akikutandazia kitambaa cha zamani cha Kijapani, kile cha buluu iliyoiva chenye viraka juu ya viraka na mishono myeupe iliyopangana, atakutandazia uso. Kigeuze kabla hujauliza bei. Usoni mtu anaweza kupachika uzee kwa wiki moja. Nyuma ndiko mshonaji alikoficha mwisho wa uzi na kuunga vipande visivyolingana, na ndiko rangi ya mwanzo ilikobaki kwa sababu jua halikufika. Karibu kila hatua hapa chini inaanzia huko, hata utakapofika kwenye kutia kiraka chako mwenyewe.

Ninazungumzia vitambaa vya nyumbani: vifuniko vya magodoro, vitambaa vya kufungia mizigo, vya jikoni, hadi matambara ya kufutia sakafu. Makoti ya wazima moto na mavazi ya wakulima yana soko lake na wataalamu wake, nami nitayapita kando.

Hatua ya 1: Jua kitambaa kilifanya kazi gani

Wauzaji hupenda kutaja mtindo. Wewe uliza kazi, maana kazi ndiyo inayoonyesha mahali kitambaa kilipaswa kuchakaa.

Utakavyokutana navyo zaidi ni vitambaa vya futon-ji, yaani vifuniko vya magodoro na mafarishi. Mtande wa mfumi wa Kijapani ulikuwa mwembamba, kama sentimita 33 hadi 38, kwa hiyo kifuniko kikubwa huwa ni vipande vitatu, vinne au vitano vilivyoungwa ubavu kwa ubavu. Ukiona shuka pana lisilo na muungo hata mmoja na linauzwa kama la karne ya 19, rudisha. Kuna pia yogi, farishi lililokatwa kama kimono kubwa, lenye mikono, ambalo mtu alijifunika nalo akilala. Furoshiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia mizigo, na pembe zake huwa zimeshonwashonwa kwa mishono ya kuziimarisha, kwa kuwa fundo hufungwa pale. Komebukuro ni kifuko cha vipande vidogo vidogo cha kupelekea mchele wa sadaka hekaluni. Sakiori hufumwa kwa kanda zilizochanwa kutoka nguo kuukuu. Ni nzito, na vipande vyake vikubwa vilitumika kufunikia kotatsu, ile meza ya chini yenye moto chini yake.

Halafu wapo wadogo wa ukoo: fukin ya jikoni na zokin ya kufutia sakafu. Fukin iliyopambwa kwa mishono huitwa hanafukin. Zokin ni tabaka mbili au tatu za kitambaa kilichokwisha kazi zote nyingine, zikapigwa bandi pamoja. Watoto wa shule nchini Japani mpaka leo hutakiwa kupeleka zokin darasani. Ukiwa na fedha kidogo, anza na hawa wadogo. Wachache wanahangaika kughushi tambara la sakafu.

Inafaa pia kujua kwa nini vitambaa vingi vilivyotiwa viraka kupita kiasi, vile vinavyoitwa boro, vinatoka kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, hasa Aomori. Pamba haistawi kwenye baridi ile. Watu walilima asa, mmea wa jamii ya bangi unaotoa nyuzi za kufumia, na kitambaa cha asa hupitisha upepo. Pamba ilifika ikiwa mitumba na vipande, ikibebwa na meli za biashara za kitamaebune kutoka upande wa Osaka kupitia Bahari ya Japani. Mwaka 1724 watawala wa Tsugaru, magharibi mwa Aomori ya leo, waliwakataza wakulima kuvaa nguo za pamba. Wanawake wakaijaza asa uzi wa pamba, mshono kwa mshono, hadi matundu yakaziba na kitambaa kikashika joto. Huo ndio mwanzo wa kogin, mtindo wa mishono unaohesabu nyuzi kwa namba witiri: 1, 3, 5, 7. Majirani zao wa Nanbu, upande wa mashariki, walihesabu kwa shufwa, na yao huitwa hishizashi. Reli kutoka Tokyo ilipofika Aomori mwaka 1891, pamba ya bei nafuu ikafuata, na kazi hii ikaanza kufifia.

Kwa hiyo kipande cha asa chenye viraka vya pamba vya nakshi mbalimbali kinakuambia kitu kuhusu mahali kilipotoka. Kipande ambacho chote ni pamba nzuri ya aina moja hakikuambii.

Hatua ya 2: Kigeuze, kisha kiinue kwenye mwanga

Fanya hivi mchana, karibu na dirisha. Tandaza kitambaa upande wa nyuma ukiwa juu, chukua kioo cha kukuzia, na uangalie mambo haya bila haraka.

Anza na mishono. Kitambaa kilichotumika nyumba moja kwa miaka mingi huwa na mikono zaidi ya mmoja. Utaona eneo moja lina mishono mifupi iliyopangwa vizuri, hatua chache mbele kuna mishono mirefu ya mtu aliyekuwa na haraka au macho yamechoka. Uzi nao hubadilika: hapa mweupe mnene, pale buluu mwembamba, kule umesokotwa kutokana na chochote kilichopatikana. Ukikuta uzi wa aina moja na urefu wa mshono uleule kutoka pembe hadi pembe, hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Si lazima iwe ghushi, lakini si historia ya vizazi vitatu unayosimuliwa.

Kisha angalia kingo za viraka. Aliyeshona ili kitambaa kidumu alikunja ukingo ndani, au alitumia ukingo uliofumwa wa kitambaa, ambao haufumuki. Ukingo mbichi ulioachwa ukichanika kwa urembo ni dalili ya mtu anayeuza sura tu.

Inua ncha ya kiraka kilicholegea, uchungulie chini. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chini ya kiraka cha zamani mambo mawili hutokea. Kama kiraka kiliwekwa mapema, kitambaa cha chini kimehifadhi nili yake, ile rangi ya buluu, nyeusi karibu na bluu ya usiku, huku pembeni kumepauka. Mpaka kati ya rangi hizo mbili unafuata umbo la kiraka na hufifia taratibu. Kama kiraka kiliwekwa baada ya tundu, utaona tundu lenyewe, kingo zake zimelainika kwa kusuguliwa. Ukichungulia ukakuta kitambaa kizima, kisicho na tundu wala tofauti ya rangi, jiulize kiraka kilikuwa kinaziba nini.

Mwisho, kiinue kwenye dirisha. Mwanga utaonyesha sehemu zilizolika. Kwenye kifuniko cha godoro ni mabegani na miguuni, si pembezoni. Kwenye furoshiki ni kwenye pembe na mahali mzigo ulipokaa. Uchakavu usiofuata mwili wala mzigo unatia shaka.

Nakshi pia husomwa nyuma. Katika kasuri, nyuzi hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, hivyo michoro ina kingo zenye ukungu kidogo na inaonekana sawasawa pande zote mbili. Nakshi iliyochapwa kwa mashine hufifia nyuma. Tsutsugaki huchorwa kwa mkono kwa bandiko la mchele linalozuia rangi. Ndiyo yenye korongo, kobe na nembo kubwa za ukoo, na mara nyingi ilikuwa ya matandiko ya harusi. Michoro yake huvuka miungo ya vipande. Mtu akikiuza kipande kimoja chenye nusu ya bawa la korongo, kitu kizima kilikatwa, na nusu nyingine huenda iko kwenye meza ya jirani yake.

Hatua ya 3: Tambua uzee wa kupikwa

Tangu boro ianze kutundikwa kwenye kuta za majumba ya sanaa, bei ilipanda na mafundi wakajitokeza. Mchango mkubwa katika kuitambulisha ni wa Tanaka Chuzaburo, mtafiti wa mila wa Aomori aliyezunguka vijijini miongo kadhaa akikusanya vitu ambavyo wenyewe waliona aibu kuvionyesha. Mwaka 1983 serikali ya Japani iliviorodhesha 786 vya vitu vyake kuwa mali muhimu ya utamaduni, na kati ya 2009 na 2019 sehemu ya mkusanyo wake ilionyeshwa katika jumba la Amuse, Asakusa, mjini Tokyo. Wakati huohuo, viraka vya zamani vilianza kushonwa upya juu ya vitambaa vya zamani kwa ajili ya wageni.

Ugumu ni kwamba vitambaa vyenyewe vinaweza kuwa vya kale kweli. Kilicho kipya ni mpangilio. Tazama uzi: mweupe unaong'aa, usio na uchafu hata chini ya viraka, juu ya nguo iliyochakaa miaka themanini. Tazama madoa ya kupauka: dawa ya klorini, ile tunayoiita jiki, huacha nili na rangi ya manjano-kahawia, na mipaka ya doa huwa mikali. Tazama uso wenye viraka thelathini vilivyotawanywa vizuri kama picha, na nyuma hakuna hata kimoja. Nusa pia. Kitambaa cha zamani kina harufu ya sanduku, moshi au vumbi. Cha kupikwa mara nyingine hunuka chai au sabuni kali.

Mshono wa cherehani peke yake usikutishe. Cherehani zilienea majumbani Japani hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mama wa nyumbani wa miaka ya 1950 alitumia alichokuwa nacho. Kipande chenye miungo ya cherehani na viraka vya mkono ni cha kawaida kwa kipindi cha Showa (1926–1989). Mlipe muuzaji bei ya Showa, si ya Edo (1603–1868).

Uzi wenye vinundunundu nao wauzaji huutumia kuthibitisha kwamba ulisokotwa kwa mkono. Haithibitishi. Gaun Tokimune, aliyewahi kuwa mtawa, alibuni mashine ya kusokota ya gara-bo iliyopata tuzo kwenye maonyesho ya viwanda ya Tokyo ya 1877, na uzi wake una vinundu vilevile.

Hatua ya 4: Majaribio mawili madogo

La kwanza ni la moto, na ulifanye baada ya kununua au kwa ruhusa. Chomoa uzi mmoja au miwili kutoka kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani, uwashe. Pamba na asa huungua haraka, hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Hariri hunuka nywele. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Poliesta iliingia sokoni Japani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo tone gumu kwenye uzi wa kitambaa cha "enzi ya Meiji" (1868–1912) linamaliza mjadala.

La pili ni la rangi. Lowesha kidogo kitambaa cheupe, kandamiza juu ya nili na usugue mara tano. Buluu kidogo ikitoka usishangae, nili haishikani na uzi kwa nguvu kama rangi nyingine; imekaa juu yake. Ikitoka nyingi, ujue hicho si cha kufunika kochi jeupe. Usijaribu kujua kwa macho kama nili ni ya mmea au ya kiwandani. Nili ya kiwandani ilianza kuuzwa na BASF mwaka 1897, na kikemia rangi yenyewe ni ileile.

Rangi ya kuogopa ni nyeusi na kahawia ya zamani. Nyingi zilitengenezwa kwa chuma na maji ya magome, na chuma hula uzi kutoka ndani. Utaona kitambaa cha mistari ambacho mistari ya buluu ni mizima na ya kahawia imepukutika. Hakuna dawa ya hili. Usikifue, usikivute, ukikipenda, kihifadhi bapa.

Na usidhani kila pamba ya zamani ya Japani ilitiwa rangi kwa mkono. Kufikia katikati ya karne ya 20 viwanda vya huko vilichapa vitambaa kwa wingi, zikiwemo kanga na vitenge vilivyovaliwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Hatua ya 5: Pa kununua na cha kuuliza

Ukibahatika kufika Japani, soko la hekalu la Toji mjini Kyoto hufanyika tarehe 21 ya kila mwezi, na la Kitano Tenmangu tarehe 25. Setagaya, Tokyo, kuna Boroichi, soko la tarehe 15 na 16 za Desemba na Januari lenye asili ya mwaka 1578, ambalo zamani liliuza nguo kuukuu na matambara. Nenda alfajiri. Kabla ya kununua chochote pita Nippon Mingeikan, jumba la sanaa za kijadi lililofunguliwa Tokyo mwaka 1936, ili jicho lako lipate kipimo.

Wengi wetu tutanunua mtandaoni. Omba picha nne: nyuma yote, pembe moja kwa karibu, ukingo wa kiraka ulioinuliwa, na kitambaa kikiwa mbele ya dirisha. Uliza kama kimefuliwa na kwa nini. Uliza vipimo kwa sentimita, pamoja na upana wa kila kipande kati ya miungo. Anayekataa picha ya nyuma amekwisha kujibu.

Hatua ya 6: Kiweke kando kwanza

Kitambaa kipya hakiingii kabatini siku ya kwanza. Kikung'ute nje taratibu, kagua mikunjo uone mayai ya wadudu, maganda ya viluwiluwi au vumbi la punje. Kisha kiviringishe kwenye kitambaa safi, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, na kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa siku nzima, hadi ubaridi uishe, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye uzi. Plastiki kazi yake inaishia hapo.

Hatua ya 7: Kukifua, au kutokifua

Kama kinanuka vumbi tu, kitundike kivulini penye upepo siku mbili tatu, kisha kipitishie mashine ya kunyonya vumbi yenye nguvu ndogo, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa kipande cha chandarua. Mara nyingi hiyo inatosha.

Kifue kikiwa kina jasho la zamani, ugumu wa uchafu au harufu isiyotoka, na kikiwa na nguvu. Jaza beseni pana maji ya baridi, changanya sabuni ya maji isiyo kali, isiyo na dawa ya kung'arisha. Tandaza chandarua beseni zima, kilaze kitambaa juu yake, ukikandamize kwa viganja. Usikikamue, usikisugue ngumi kwa ngumi. Maji yatakuwa na rangi ya chai, pengine na buluu. Badilisha hadi yawe meupe, halafu suuza mara mbili zaidi. Unapokitoa, inua chandarua, si kitambaa. Pamba kuukuu ikilowa hulemewa na uzito wake yenyewe na kuchanika kwenye mishono.

Ile chumvi tunayotia kwenye maji ya kanga mpya haina kazi hapa, na siki pia haina. Hazishikishi nili. Kiviringishe kwenye taulo, kandamiza, kisha kianike bapa kivulini. Pasi, kama ni lazima, ipite nyuma, ya vuguvugu, juu ya kitambaa kingine.

Hatua ya 8: Zoeza mkono kwenye bafta

Usiguse kitambaa cha miaka mia kwa mkono usiozoea. Shona fukin moja kwanza. Chukua bafta au marekani iliyofuliwa, ikate urefu wa sentimita 70 na upana wa 36, ikunje katikati mara moja, shona pande zilizo wazi ukiacha upenyo, ipindue, uzibe. Una mraba wa tabaka mbili wa kama sentimita 34.

Chora kwa penseli laini mistari ya kulala iliyoachana sentimita 1. Piga bandi kila mstari: mshono wa nusu sentimita juu, nusu sentimita chini, na mishono ya mistari yote ianze mahali pamoja ili ipangane wima. Ukimaliza ya kulala, chora ya kusimama ipite katikati ya mishono yako, nayo ipige bandi vivyo hivyo, kila mshono ukivuka ule wa kulala kwa nusu yake. Misalaba midogo itajaa kitambaa chote. Nakshi hii huitwa juji.

Mkono wa kulia haufanyi kazi kubwa. Sindano hubaki karibu imetulia, ikisukumwa na subana kwenye kiganja, na mkono wa kushoto ndio unaokunja kitambaa juu na chini kwenye ncha yake. Kusanya mishono minne mitano kwenye sindano, vuta uzi, kisha pitisha vidole juu ya mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho, kunyoosha makunyanzi. Hatua hii ya kunyoosha ndiyo wanaoanza huiruka, na ndiyo inayotenganisha kitambaa kinacholala bapa na kinachojikunja kama jani kavu.

Hatua ya 9: Tia kiraka

Kwanza amua kama kinahitajika. Tundu lisilopanuka kwenye kitambaa cha kutazama, liache. Tundu kwenye kitambaa unachotumia, au linalochanika kila ukikigusa, lizibe. Na kama kipande ni adimu, kogin ya asa kwa mfano, usishone chochote kwa mkono wako. Mpelekee mhifadhi wa makumbusho au kikalishe bapa.

Chagua pamba ya uzito uleule au pungufu kidogo. Kiraka kizito kuliko mwenyeji wake hutoboa tundu jipya pembeni. Kifue kwa maji ya moto kwanza ili kinywee kabla, si baada. Mtande wake ulale sambamba na mtande wa kitambaa. Kikate kipite kingo za tundu kwa sentimita 2 kila upande, kiwekwe nyuma, ili nguo ya asili ibaki usoni, na kingo zake zikunjwe.

Kishike kwa mishono mirefu ya muda, si pini; pini huacha matundu kwenye pamba iliyochoka. Kata uzi wa sashiko, ule wa pamba wa mishono hii ya Kijapani, au pamba nyingine isiyosokotwa sana, urefu wa mkono mmoja. Usipige fundo. Ingia mishono mitatu mbele ya mahali unapotaka kuanza, rudi nyuma, kisha geuka upite juu ya mishono uliyoiweka. Malizia vivyo hivyo. Fundo hukwama, hutoboa, na kwenye kitambaa cha kulalia huumiza ngozi.

Mshono uwe wa milimita 3 hadi 4, wa nyuma mfupi kidogo kuliko wa mbele, na mistari iachane nusu sentimita hivi. Unapofika mwisho wa mstari na kugeuka, acha kitanzi kidogo cha uzi nyuma. Kitambaa na uzi havinywei sawa vikifuliwa; bila kitanzi, kila mpindo utavuta. Anza mistari yako kwenye sehemu nzima, vuka tundu, maliza kwenye sehemu nzima. Anayeshona kuzunguka tundu tu anachora mahali pa kuchanikia tena.

Rangi ya uzi ni hiari yako, lakini mimi nisingeuchovya kwenye chai ili ufanane na wa kale. Chai huongeza asidi kwenye uzi na kumdanganya atakayekigeuza baada yako. Uzi mpya uonekane mpya.

Hatua ya 10: Kukitunza mahali penye joto na unyevu

Anayeishi Nairobi ana nafuu. Aliye Tanga, Lamu au Muscat ana adui aitwaye koga, ambaye huchipua unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 65. Usikifunge kwenye plastiki. Kiviringishe kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa kwa bafta iliyofuliwa, uso ukiwa nje, kisha kivishe mfuko wa pamba. Ukilazimika kukikunja, jaza mikunjo kwa bafta iliyoviringishwa. Weka mbali na ukuta wa nje na sakafu.

Kafuri inafukuza wadudu na Wajapani wameitumia muda mrefu. Lakini usichanganye kafuri na vidonge vya nafthalini ndani ya sanduku moja: vikikutana huyeyuka na kuacha doa la mafuta. Na usikifukize udi, hata kama nguo zako zote hufukizwa. Moshi na mafuta yake hukaa kwenye pamba na kukaribisha vumbi.

Ukitaka kukitundika, shonea kanda pana ya pamba kwa nyuma juu kabisa, mshono ukipita kwenye miungo ya zamani, upenyeze ufito ndani yake. Uzito utagawanyika. Kisipigwe na jua la moja kwa moja, na kipumzishwe miezi kadhaa kila mwaka.

Japani kuna desturi ya mushiboshi, kuanika nguo na vitabu baada ya mvua za masika ya huko kukatika, ili unyevu na wadudu vitoke. Pwani yetu ifanye baada ya masika na tena baada ya vuli, siku mbili za upepo mkavu: fungua bomba, tandaza kivulini upande wa nyuma ukiwa juu, kagua miungo kwa vidole, na unapoviringisha tena anza na ncha ya pili.